Kiini Hafifu na Kiini Kilichofichwa: Somo la Eksirei Chini ya Anga la Tunduma

Katika mafunzo kazini ya watumishi wa afya wa Mkoa wa Songwe, tabibu mmoja kutoka Tunduma alileta picha ya kifua ya dereva wa lori aliyekuwa akisubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva huyo alikuwa amekohoa kwa majuma matatu. Juu ya pafu la kulia palikuwa na ukungu mdogo, na nusu ya ukungu huo ilikuwa imelala nyuma ya mtulinga. Taarifa iliyoambatana na picha ilisema kwamba mapafu hayana tatizo. Tabibu hakuridhika. Aliuliza: ukungu huu ni hafifu kwa sababu kidonda chenyewe ni kidogo, au kwa sababu sehemu yake kubwa imezibwa na mfupa?

Nilimjibu kwa habari za galaksi. Wenzake walicheka, nami siwalaumu. Lakini swali lake ndilo swali lililowashughulisha wataalamu wa astronomia ya eksirei kwa zaidi ya miaka arobaini, na njia walizobuni kulijibu zinafaa kujulikana na kila anayesoma picha za kifua. Makala haya yanaeleza njia hizo. Msomaji hahitaji kujua chochote kuhusu nyota. Anachohitaji ni kukumbuka namna eksirei inavyopita katika mwili.

Galaksi mbili za mwezi wa Mei

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, gesi na vumbi. Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua. Shimo lenyewe halitoi nuru, lakini gesi inayolizunguka ikivutwa kuelekea ndani hujikusanya, hupata joto kali na kung'aa. Hapo ndipo tunaposema kwamba galaksi ina kiini amilifu. Mmarekani Carl Seyfert alizieleza galaksi za namna hiyo mwaka 1943, alipoona kwamba baadhi zina kitovu kinachong'aa kupita kiasi. Galaksi alizozichagua zilikuwa na viini vyenye nguvu. Baadaye wanajimu Luis Ho, Alexei Filippenko na Wallace Sargent walichunguza kwa makini galaksi 486 zilizo jirani na yetu, wakakuta dalili za uamilifu katika zaidi ya asilimia 40. Nyingi kati ya hizo ni hafifu mno. Uamilifu, kumbe, ni jambo la kawaida. Nguvu ndiyo iliyo adimu.

Mwishoni mwa Mei mvua zikishakatika nyanda za Songwe, mtu akisimama Tunduma yapata saa tatu usiku, juu kabisa ya utosi wake itakuwa inapita galaksi iitwayo Sombrero, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 30 hivi. Dakika zipatazo 25 baadaye, upande wa kusini, nusu ya kimo cha anga, si mbali na nyota za Msalaba wa Kusini, itapita galaksi nyingine isiyo na jina ila namba: NGC 4945, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi. Zote mbili hazionekani kwa macho matupu, ila darubini ndogo huzionyesha kama vijimadoa vya ukungu. Zote mbili zina shimo jeusi katikati. Na kwa mtu anayezitazama kwa nuru ya kawaida, kiini cha NGC 4945 hakionyeshi uamilifu wowote, wakati kile cha Sombrero huonyesha kidogo tu. Tukiishia hapo tungeandika taarifa fupi: Sombrero ina kiini hafifu, na NGC 4945 haina tatizo. Tungekuwa tumekosea kama aliyeandika taarifa ya yule dereva.

Kwa nini lazima kupanda juu ya hewa

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na katika muda wa miezi michache tu madaktari walikuwa wameanza kuitumia. Astronomia ya eksirei ilichelewa kuzaliwa kwa zaidi ya miaka 60, na aliyeichelewesha ni hewa. Juu ya kila sentimita ya mraba ya ardhi iliyo usawa wa bahari kuna kilo moja ya hewa, uzito ulio sawa na wa maji ya kina cha mita 10. Hakuna fotoni ya eksirei kutoka angani inayoweza kupenya kizuizi hicho. Ilibidi vipokezi vipandishwe kwa roketi, na mwaka 1962 kundi la Riccardo Giacconi likakuta chanzo cha kwanza nje ya mfumo wa Jua. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Roketi hukaa juu kwa dakika chache tu. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimamishwa baharini kaskazini ya Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, na kwa heshima hiyo chombo kikaitwa Uhuru. Naona fahari kidogo kila ninapokuta neno hilo la Kiswahili katika majarida ya fizikia. Lakini mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya sherehe. Chombo kinachorushwa karibu na ikweta hufaidi mzunguko wa Dunia, na kikizunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambamo chembe zenye chaji hujaa na kuvuruga vipokezi. Kwa lugha ya chumba cha picha, pwani ya Malindi ilipunguza ukungu wa usuli.

Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339. Setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile mwezi Oktoba 1974, ndiyo iliyothibitisha kwamba galaksi za Seyfert, kama kundi, hutoa eksirei. Viini hafifu vilisubiri vyombo vyenye macho makali zaidi: Chandra na XMM-Newton mwaka 1999, kisha NuSTAR mwaka 2012.

Mlinganyo mmoja, visivyojulikana viwili

Sasa turudi kwenye chumba cha picha. Mpigaji picha anajua nguvu ya mashine yake, kwa kuwa ameiweka mwenyewe: kilovolti kadhaa, miliampea kadhaa, sekunde kadhaa. Anachotafuta ni kile kilichosimama kati ya mashine na kipokezi. Mtaalamu wa anga hana bahati hiyo. Hajui chanzo kina nguvu kiasi gani, wala hajui kizuizi kina unene gani. Fotoni 50 zikimfikia, huenda kiini kimetoa kidogo na hakuna kilichozuia. Huenda pia kimetoa mara elfu ya hizo na ukuta wa gesi umemeza zilizosalia. Hesabu ya fotoni peke yake haiwezi kuamua kati ya haya mawili, hata mtu akodolee macho mpaka asubuhi.

Ufunguo umo katika jambo ambalo kila mpigaji picha analijua kwa mikono yake. Eksirei ya nishati ndogo humezwa upesi. Ya nishati kubwa hupenya. Kwa namna ya ufyonzaji inayotawala katika nishati ndogo, nishati ikizidishwa mara mbili ufyonzaji hupungua karibu mara nane. Ndiyo maana picha ya titi hupigwa kwa kilovolti chini ya 35, ili hata tofauti ndogo ya tishu ionekane, na picha ya kifua hupigwa kwa kilovolti 110 hadi 125, ili mbavu zisitawale na pafu lililo nyuma yake lisomeke. Wanajimu wanafanya vilevile kwa kupanga fotoni walizopokea kulingana na nishati yake. Kizuizi kinene huacha alama isiyoweza kukosewa: fotoni laini zimetoweka, ngumu zimebaki. Chanzo kilicho dhaifu kweli kweli hupungua katika nishati zote kwa pamoja, laini na ngumu.

Tuzipime galaksi zetu mbili kwa kipimo hicho. Katika Sombrero fotoni laini zinafika. Gesi iliyo mbele ya kiini chake ina uzito wa elfu chache za gramu kwa kila sentimita ya mraba, yaani ni nyepesi kuliko karatasi moja ya kuandikia. Hakuna ukuta pale. Kiini ni hafifu kwa sababu ni hafifu.

NGC 4945 ni kinyume chake kabisa. Chini ya kilo-elektrovolti 10 nuru ya kiini chake haitufikii moja kwa moja, bali hutufikia kidogo tu iliyotawanywa pembeni. Juu ya nishati hiyo pazia linafunguka, na kiini kinajitokeza kuwa miongoni mwa vinavyong'aa zaidi angani katika eksirei ngumu. Unene wa ukuta wake ni takribani atomi za haidrojeni 4 zikifuatwa na sifuri 24 kwa kila sentimita ya mraba. Namba hiyo haina ladha mpaka uigeuze kuwa uzito: ni gramu 7 au zaidi kwa sentimita ya mraba, yaani kama maji ya kina cha sentimita 7. Sijui jambo jingine katika somo hili linalowashangaza wanafunzi wangu zaidi ya hilo. Ukuta unaolificha shimo jeusi la galaksi nzima, ukiupima kwa njia ya mwanga, haupishani sana na kifua cha dereva wa lori.

Kuna shahidi wa pili, na Songwe wana haki ya kumdai. Fotoni ngumu ikigonga atomi ya chuma hung'oa elektroni ya ndani kabisa. Elektroni ya nje huanguka kujaza pengo, na fotoni yenye kilo-elektrovolti 6.4 hutoka. Ni mchakato uleule unaotokea katika shabaha ya tangsteni ndani ya mashine ya hospitali, ambayo hutoa mionzi yake bainifu karibu na kilo-elektrovolti 59. Kila elementi na saini yake. Kimondo cha Mbozi, kilicholala katika mlima Marengi, kijiji cha Ndolezi, kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Kikimulikwa kwa eksirei zenye nguvu ya kutosha, kitatoa saini hiyohiyo ya 6.4. Katika NGC 4945 mstari wa chuma ni mkali mno, kwa kuwa nuru ya moja kwa moja imezuiwa na tunachopokea ni mwangwi wa ukuta uliomulikwa. Katika Sombrero mstari huo haujaonekana. Mashahidi wawili wanakubaliana.

Kuhesabu kidogo bila kujidanganya

Yote haya yanadhani kwamba tuna fotoni za kupanga. Picha ya kifua hukusanya mamilioni ya fotoni kwa kila sentimita ya mraba katika sehemu ndogo ya sekunde. Kutoka kiini cha Sombrero, kwa hesabu yangu, sentimita ya mraba iliyo juu ya angahewa hupokea fotoni moja hivi kwa saa. Chandra, kwa vioo vyake vyenye eneo la mamia ya sentimita za mraba, hukusanya za kutosha. Lakini viini vilivyo hafifu kuliko hicho mara mia vipo kwa wingi, na huko mtafiti hujikuta na fotoni tano mkononi baada ya saa nyingi za kutazama.

Tano ni ushahidi? Tuseme usuli peke yake, yaani vurugu za kipokezi na nuru ya jumla ya anga, hutarajiwa kuleta fotoni moja mahali hapo. Uwezekano wa usuli kuleta tano au zaidi kwa bahati ni kama 4 katika 1,000. Wengi wangeridhika. Lakini mtafiti akipitia galaksi 486 kwa kipimo hichohicho, bahati tupu itampa viini viwili hivi visivyokuwapo. Wanaopima kifua kikuu kwenye jamii wanaufahamu mtego huu. Tuseme watu 1,000 wamepigwa picha na watano kati yao ni wagonjwa. Usomaji unaowanasa wagonjwa 90 katika 100, na kuwaachia huru wazima 70 katika 100, utawaita watu karibu 300, na kati yao wagonjwa ni wanne au watano. Picha haikukosea kazi yake. Kazi yake ni kuwachagua wa kupimwa makohozi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta za kusoma picha za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na kuendelea, na hesabu hii haibadiliki eti kwa kuwa msomaji ni kompyuta.

Upande wa pili wa shilingi ni kutoona kitu. Mwanajimu makini aliyepata fotoni sifuri haandiki kwamba kiini hakipo. Anaandika kikomo: kama kipo, hakizidi kiwango hiki. Pasipo usuli, sifuri humaanisha kwamba wastani wa kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, hauzidi fotoni tatu. Waganga wanaifahamu kanuni hiyo kwa sura nyingine: dawa ikijaribiwa kwa wagonjwa 300 bila madhara yoyote kutokea, bado madhara yanaweza kumpata mmoja katika kila 100. Natamani taarifa zetu za picha zingeandikwa hivyo. "Hakuna tatizo" ni sentensi inayodai mengi kuliko picha inavyoweza kutoa. "Vilele vya mapafu vimefunikwa na mitulinga, havikusomeka vyema" ni kikomo cha kweli, na humwambia tabibu afanye nini.

Kisha kuna waigaji. Katika galaksi yoyote kuna jozi za nyota ambamo moja, iliyokwisha kufa na kuwa ndogo na nzito mno, hunyonya gesi ya mwenzake na kutoa eksirei. Jozi kama hizo zikisongamana karibu na kitovu, chombo chenye macho mazito huziona kama doa moja na kuliita kiini amilifu. Chandra hutenganisha vitu vilivyo karibu kiasi cha nusu ya sekunde ya tao, na baadhi ya viini vilivyoorodheshwa zamani vilivunjika mbele yake kuwa vinyota kadhaa. Hospitalini mwigaji maarufu ni nywele zilizosukwa. Msuko ulioangukia bega huchora juu ya pafu mistari na madoa yanayofanana sana na kifua kikuu cha kilele, na nimewahi kuona mtu mzima wa afya akiandikiwa vipimo vya majuma mawili kwa ajili ya msuko. Dawa yake ni kufunga nywele juu na kupiga tena.

Udhaifu wa kweli

Tukishaondoa kuta, bahati na waigaji, hubaki viini vilivyo dhaifu kwa asili, na hapo fizikia bado inabishana. Neno dhaifu nalo lina mizani yake. Eksirei za kiini cha Sombrero peke yake zina nguvu ya Jua milioni nne zikichanganywa mng'aro wake wote. Lakini kando ya kwasa 3C 273, ambayo Uhuru iliiona, hizo ni sehemu moja katika mamia ya maelfu. Na shimo jeusi la galaksi yetu wenyewe, Sagittarius A*, lenye uzito wa Jua milioni nne, likiwa limetulia hutoa eksirei zisizozidi mng'aro wa Jua moja.

Jibu rahisi ni kwamba mashimo haya yana njaa. Sombrero inalikataa jibu hilo. Gesi ya moto iliyo jirani na shimo lake imepimwa, na kama ingeanguka yote na kung'aa kwa ufanisi wa kawaida, kiini kingeng'aa mara mia au zaidi ya tunavyokiona. Chakula kipo mezani. Ramesh Narayan na Insu Yi, kuanzia mwaka 1994, walionyesha kwamba gesi nyembamba yaweza kuanguka pamoja na joto lake na kumezwa kabla haijalitoa kama nuru. Wengine wanasema gesi nyingi haifiki kabisa, hupulizwa nje njiani. Binafsi naona kila upande una sehemu ya ukweli, maana vijito vya gesi vinavyotoka katika viini vya namna hii vimeonekana kwa darubini za redio. Kiasi gani humezwa na kiasi gani hutupwa, hilo halijaamuliwa.

Jibu la yule tabibu lilipatikana siku ileile, kwa njia iliyozoeleka. Dereva aliitwa kutoka kwenye foleni ya malori, akapigwa picha ya pili akiwa ameegemea nyuma ili mitulinga ipande juu ya vilele vya mapafu. Ukungu haukupanda pamoja na mfupa. Ulibaki pale pale kwenye pafu, mkubwa kuliko ulivyoonekana mwanzo, na makohozi yake yakapelekwa maabara kabla lori halijavuka.